Umeiweka, Hujaifunga

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani, huwajibu kwamba narusha kaiti Paje. Ni jibu fupi, lakini ukinifuata kutwa nzima utaona si la kweli sana. Muda mwingi nashughulika na kaiti zisiruke. Nachota mchanga, nanyoosha kamba, nafunga, nafungua, nafunga tena, namwambia mtoto wa jirani asipite hapo. Kurusha kwenyewe ni dakika moja.

Sikuanza hivyo. Nilijifunza hayo baada ya kumwumiza mtu, na mtu huyo ni dada wa mama yangu.

Nimezaliwa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Nimesoma hadi nikapata shahada ya ualimu, somo langu jiografia. Nikaomba kazi, nikasubiri. Mwaka mmoja uliisha nikiwa barazani nakodolea macho simu. Mwaka wa pili, rafiki niliyesoma naye skuli akaniambia kuna skuli ya kaiti inatafuta kijana wa pwani, yaani mtu wa kupiga pampu, kubeba, kushika na kukunja. Nilikwenda nikisema ni kwa wiki mbili tu, mpaka barua za ajira zitoke. Sasa ni mwaka wa nne.

Kama hujawahi kuiona kaiti ya baharini, usiifikirie kama kishada. Vishada vya utotoni tulivitengeneza kwa chelewa na karatasi, na uzi ukikatika hasara ilikuwa uzi. Kaiti ina kitambaa cha mita za mraba 9, au 12, au zaidi. Ukikitandaza sebuleni kwetu, viti itabidi vitoke nje. Mbele ina mrija mkubwa unaojazwa upepo kwa pampu, na katikati ina mbavu zinazojazwa vilevile. Kutoka hapo zinashuka kamba 4, kila moja ikizidi mita 20, hadi kwenye fimbo anayoishika mrushaji. Fimbo hiyo tunaiita baa, kama wanavyoiita wageni. Babu yangu alipolisikia jina hilo mara ya kwanza alicheka sana. Kwa Kiswahili chake, baa ni janga.

Kaiti ya kujazwa upepo ilibuniwa na ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walioomba hataza yake mwaka 1984. Walitaka kaiti ambayo ikianguka majini haitazama, na mrushaji ataweza kuinyanyua tena akiwa palepale alipo. Walifanikiwa. Lakini kitu kilichotengenezwa kiwe chepesi kunyanyuka hakichagui mahali pa kunyanyukia. Kikiwa mchangani, bila mtu, bado kinataka kuruka.

Na upepo hauongezeki nguvu kama tunavyodhani. Ukitoka kilomita 20 kwa saa hadi 40, mvuto kwenye kitambaa haupandi mara 2. Unapanda mara 4. Hilo nililijua darasani kabla sijaligusa pwani, na elimu hiyo haikunisaidia kitu siku niliyoihitaji.

Paje inafaa kwa kaiti kwa sababu ileile inayoifanya ifae kwa mwani. Mwamba uko mbali, unavunja mawimbi, na kati ya mwamba na ufukwe kuna maji mafupi juu ya mchanga. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza huku mwaka 1989, kabla sijazaliwa. Wengi wanaokifanya ni wanawake, na mama yangu na Mama Mkubwa wamo. Kaiti zilikuja baadaye. Kwa hiyo maji ni hayohayo, ufukwe ni huohuo. Bahari ikipwa, kina mama wanaingia shambani kwao. Ikianza kujaa wanatoka na viroba kichwani, na wakati wao wanatoka, wageni wanaingia. Kuna saa moja hivi ambapo makundi hayo mawili yanapishana mchangani. Ni hiyo saa moja ninayoizungumzia.

Aliyenifundisha kazi ni kaka mmoja wa Jambiani, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza hakuniruhusu kufungua mkoba. Aliniambia nisimame, niutazame upepo, kisha nimwonyeshe joshini ni wapi na demani ni wapi. Maneno hayo nilikuwa nayo kutoka kwa babu, aliyekuwa mvuvi wa ngalawa. Joshini ni upande upepo unakotoka, demani ni upande unakokwenda. Nilipomwonyesha, akaniuliza, "Demani kuna nini?"

Nikamwambia kuna mchanga.

"Tazama tena."

Nikatazama tena. Kulikuwa na mvinje, vitanda viwili vya wageni, mbwa, na mtoto aliyekuwa anaokota kombe. Akaniambia hapo pasifunguliwe kaiti. Demani inatakiwa kuwa tupu kwa umbali wa angalau mara mbili ya urefu wa kamba, yaani hatua 50 na zaidi, kwa sababu lolote likiharibika litakwenda huko.

Mengine yalifuata kwa mpango. Kaiti inafungwa kwenye pampu kabla ya kujazwa, ili upepo usiichukue ikiwa nusu. Ikishajaa unaishika katikati ya mrija wa mbele, unaigeuza mrija uutazame upepo, kisha unaweka mchanga juu ya kitambaa, mwingi, bila aibu. Halafu unakwenda kwenye kamba. Unatembea nazo kutoka kwenye baa hadi mwisho, vidole katikati, mpaka kila moja iwe peke yake. Kamba iliyojisokota huioni ikiwa chini. Unaiona kaiti ikishapanda, inapoanza kuzunguka kama mwehu. Kamba zinaungwa na kaiti mwishoni kabisa, kwa vitanzi vinavyojikaza, na kila kitanzi unakivuta. Kabla mrushaji hajajiunga na baa, anajaribu kifyatuo cha dharura, akisukume kwa mkono wake mwenyewe aone kinaachia. Ndipo msaidizi anaiinua kaiti na kuishika, na hakuna anayeachia mpaka wote wawili wameoneshana dole gumba.

Kaka yule alikuwa na kauli moja tu aliyoirudia. "Kaiti yenye kamba haiachwi peke yake. Hata uwe unakwenda kunywa maji, zitoe kamba kwanza."

Nilielewa. Baada ya miezi sita nilikuwa nayaeleza hayo kwa wageni kwa Kiingereza safi, hatua kwa hatua, kama mwalimu niliyesomea kuwa. Baada ya mwaka nilikuwa nayafanya haraka kuliko mtu yeyote pale. Wageni walinisifu kwa wepesi. Na mimi, ambaye kwa miaka miwili hakuna aliyekuwa amenisifu kwa lolote, nikaanza kuupenda huo wepesi kuliko kazi yenyewe.

Ilikuwa Julai, kusi limekaza. Ilikuwa bamvua, maji yalikwenda mbali asubuhi, na kukaribia saa sita mchana yalikuwa yanarudi. Mgeni wangu alikuwa na siku moja tu iliyobaki kabla ya ndege yake. Alishavaa, alishalipa, na alikuwa anaitazama saa yake. Nikafungua kaiti ya mita 9. Nikapiga pampu, nikaigeuza, nikaweka mchanga.

Mchanga wenyewe ndio habari. Mchanga wa Paje ukiwa mkavu ni laini kama unga wa sembe. Uliolowa ulikuwa hatua 40 mbele, kwa kuwa maji yalikuwa bado hayajafika. Mifuko yetu ya mchanga ilikuwa bandani, hatua 60 nyuma. Sikwenda mbele wala nyuma. Nilichota viganja vinne vya mchanga mkavu palepale nilipopiga magoti, nikavimwaga juu ya kitambaa. Kisha nikaunga kamba zote nne. Demani niliitazama. Ilikuwa tupu, nakumbuka vizuri.

Mgeni akasema mkanda wake wa kiunoni unampwaya. Bandani kulikuwa na mdogo zaidi. Nikamwambia, "Sekunde 30," nikakimbia.

Sikuiona ilipoanza. Niliisikia. Kitambaa cha kaiti kikipigwa na upepo kina sauti ya mtu anayekung'uta mkeka. Nilipogeuka, mchanga ulikuwa unateleza kutoka upande mmoja, kaiti inatikisika, na kila ikitikisika mchanga unapungua, na kila mchanga ukipungua inatikisika zaidi. Mkumbo mmoja ukaja. Ukingo ukanyanyuka, kaiti ikapinduka, ikajaa upepo, ikaondoka. Ilikwenda ikibiringika, inagusa chini na kuruka, ikielekea upande wa Bwejuu, ikiburuta kamba 4 na baa nyuma yake.

Demani haikuwa tupu tena. Kina mama walikuwa wanapanda kutoka majini.

Kamba ya kaiti ina unene wa kama milimita 2. Ikiwa imelegea unaweza kumfungia mtoto kiatu. Ikiwa imevutwa na upepo ni kisu. Mama Mkubwa alikuwa na kiroba kichwani, na mtu mwenye kiroba kichwani hatazami pembeni. Kamba ilipita nyuma ya mguu wake wa kushoto, ikamzunguka chini ya goti, ikamwangusha. Ilimburuta hatua chache, kisha kaiti ikanasa kwenye mvinje, kamba zikalegea.

Nilifika wa kwanza. Mwani ulikuwa umetapakaa, kanga imelowa, na kwenye ule mguu kulikuwa na mstari mmoja mwembamba ambao mwanzoni haukutoa damu. Kisha ukatoa. Aliponiona hakupiga kelele. Alisema, "Aa, kumbe ni wewe baba," kana kwamba nimekuja kumsaidia.

Alishonwa nyuzi 11. Daktari alisema angepata bahati mbaya kidogo tu kamba ingefika kwenye mshipa mkubwa. Alimkataza kuingia maji ya chumvi mpaka kidonda kifunge.

Jioni watu walijaa nyumbani kwake, na kila aliyeingia alinipa mimi mkono wa pole baada ya kumpa yeye. "Ajali haina kinga, mwanangu." "Kazi ya Mungu hiyo." Mwenye skuli ya kaiti aliniuliza nini kilitokea, nikamwambia upepo ulibadilika ghafla. Mama yangu aliniuliza, nikamwambia vivyo hivyo. Haukuwa uongo. Upepo ulibadilika. Mgeni naye alithibitisha, aliuona mkumbo. Kabla ya kulala nilikuwa nimeyasema maneno hayo mara nyingi hata yakaanza kuniridhisha mwenyewe.

Lakini ajali ile ilikuwa na kinga. Kinga yake ilikuwa bandani, mifuko miwili ya mchanga yenye vishikio vya kamba, hatua 60. Kinga yake ya pili ilikuwa kuzitoa kamba kabla ya kuondoka. Ya tatu ilikuwa kumwambia mgeni asimame aishike kaiti mpaka nirudi. Nilikuwa na kinga tatu, na sikutumia hata moja, kwa sababu ya sekunde 30.

Nilimtumia Mama Mkubwa pesa kwa simu. Akazirudisha zote, hata ile ya kutolea niliyoongeza. Nikampelekea mchele, akaupokea, akaupika, akaniita nile.

Bamvua haimsubiri mtu. Huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na hizo ndizo siku ambazo maji yanaondoka vya kutosha kina mama wafanye kazi shambani. Mwani usipovunwa kwa wakati unarefuka, unakuwa mzito, na mawimbi ya kusi yanaukata na kuupeleka pwani ya wengine. Bamvua iliyofuata nilimwomba kaka wa Jambiani anishikie zamu, nikaingia mimi.

Wanawake walinicheka kutwa. Nilikuwa nimeshasahau kufunga taitai, vile vikamba vidogo vya kushikia mwani kwenye kamba kubwa, ingawa ni Mama Mkubwa huyohuyo aliyenifundisha nikiwa na miaka saba. Mgongo uliniuma kabla ya saa nne. Nilivuna mistari sita nikaona nimefanya jambo. Mama yangu, pembeni yangu, alikuwa na kumi na minane.

Mama Mkubwa alikuwa amekaa ufukweni chini ya kivuli cha makuti, mguu kaulaza juu ya kiroba. Nilipotoka nikakaa karibu naye. Alikuwa anachambua mwani kwa mkono, hanitazami. Nikamwambia.

Nilimwambia yote. Mchanga mkavu, kamba zilizoungwa, mkanda wa mgeni, mifuko bandani. Nilimwambia nilijua. Sikusema upepo ulibadilika.

Alinyamaza muda mrefu, akiendelea kuchambua. Nilidhani atalia, au atanifukuza, au atanisamehe, na nilikuwa nimejiandaa kwa yote matatu. Akasema, "Kesho ukitoka kazini niletee nilione hilo kaiti linavyofungwa."

Siku ya pili nilikuja na ileile ya mita 9, jioni, upepo ukiwa umelegea. Alikuja akichechemea, na mkwe wake kamshika. Nikaijaza, nikaigeuza, nikaweka mchanga, safari hii uliolowa, ndoo mbili nzima. Alizunguka akaitazama. Kisha akainama, akaingiza mkono chini ya ukingo wa kaiti, upande upepo ulikokuwa unapigia, akavuta juu kwa nguvu. Ukingo ukanyanyuka. Mchanga niliouweka ulikuwa katikati, na pembeni hakukuwa na kitu.

"Umeiweka," akasema. "Hujaifunga."

Sikuwa na la kujibu. Akaniambia kwamba yeye akifunga mwani haondoki kwenye kamba kabla hajaivuta. Na haivuti kwa ule mvuto wa mtu anayejaribu tu. Anavuta kule bahari itakakovuta, kwa nguvu ambayo bahari itavuta nayo. Kigingi anakitikisa kwa upande wa wimbi. Kwa upande mwengine kitasimama tu, hata kikiwa kibovu. Alisema kama mtu anayeeleza namna ya kukuna nazi. Kisha akaniambia nikalete mifuko. Nikaileta, nikaweka. Akavuta. Haikunyanyuka. Akamwambia mkwe wake waende nyumbani, magharibi inaingia.

Kuhusu kusamehe hakusema, na mpaka leo hajasema. Nimeacha kusubiri. Kovu lake lipo, chini ya goti, jembamba na jeupe. Mguu huvimba akikaa sana majini.

Mwenye skuli ya kaiti nilimwambia ukweli wiki hiyohiyo. Alinikata mshahara wa nusu mwezi, akaniuliza kama nataka kuendelea. Nikasema ndiyo. Mifuko ya mchanga haikai tena bandani. Iko kwenye mikoba ya kaiti, mitupu, na hakuna kaiti inayojazwa upepo kabla mifuko yake miwili haijajazwa mchanga uliolowa. Ikiwa bahari iko mbali, tunakwenda. Wageni wengine hukasirika. Nawaacha wakasirike, au nawapa ndoo.

Mimi si mwepesi tena. Kuna vijana wapya wanaoniacha nyuma, na mmoja aliwahi kuniambia kwa heshima, "Kaka, unachelewa sana." Nilimwambia aende demani asimame hatua 30 kutoka kwenye kaiti yake aliyoifunga, aigeuzie mgongo, na kiroba kichwani. Alicheka akidhani natania. Nilisubiri mpaka akaacha kucheka, akaenda, akasimama. Alikaa huko kama dakika moja. Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye mfuko, akauvuta.

Mama Mkubwa amerudi shambani. Njia yake ya kutoka majini haijabadilika, anapanda palepale, saa ileile ya kupishana. Wakati huo mimi husimama karibu na kaiti na sizungumzi na mtu. Nikimwona anakuja namwamkia, "Shikamoo Mama Mkubwa," naye huitikia, "Marahaba baba," bila kugeuza kichwa, kwa sababu ya kiroba. Siku nyingine hupita tu. Siku nyingine huchepuka kidogo, anausukuma mfuko wa mchanga kwa wayo wa mguu ule wa kushoto, mara moja, kisha anakwenda zake.